Mlima wa Bohari

Alhamisi, 18 Desemba

Desemba, na Mchagga yuko Thornton Heath. Aibu! Saa hizi barabara ya kwenda Moshi imejaa watoto wa nyumbani wanarudi, gari nyuma ya gari, magodoro juu ya mabasi. Kibosho watu wanapaka nyumba chokaa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, iko jikoni. Na mimi, mtu mwenye kihamba chake, shamba la ukoo, nimekaa kwenye kochi natazama mvua ya huku. Hata mvua yenyewe haina adabu. Hainyeshi, haiachi.

Mwanangu Francis anasema mwaka huu safari haiwezekani. Yeye kazi, mkewe Elinaja zamu za hospitali. Nikamwambia, tangu tumlaze mama yako Gaudensia pale mgombani sijawahi kukosa Krismasi kusimama kando yake. Francis akainamisha kichwa. Halafu akasema basi, kama hatuendi mlimani, atatupeleka kwenye mlima wa hapa hapa. Kumbe amelipia familia nzima masomo ya kuteleza kwenye theluji! Pembeni ya London kuna jengo lina theluji ndani mwaka mzima. Mjukuu wangu Manka akaruka hadi mto ukaanguka. Yeye Kiswahili anakisikia chote, ila anajibu kwa Kiingereza: "Yes! Skiing!"

Mimi nikacheka. Nifundishwe theluji, mimi? Ujanani nilikuwa mpagazi wa Kilimanjaro, njia ya Umbwe, njia ya wanaume.

Hapo mkwe wangu Jotham akatia mdomo. Huyu ni baba yake Elinaja, Mmachame, mwalimu mkuu mstaafu, amekuja kula Krismasi na sisi. Akasema, "Mkwe, wewe ulibeba masufuria. Ulifika kambini, ukawakaangia wazungu mayai, ukashuka."

Uongo mtupu! Yalikuwa ya kuchemsha.

Tukaingia kwenye suala la kisu. Nyumbani, mzee wa boma ndiye anayegawa mbuzi wa Krismasi. Kila kipande kina mwenyewe, na kila mtu anajijua ni nani kwa nyama aliyopewa. Nyumba hii ni ya mwanangu, kwa hiyo kisu ni changu. Jotham anasema yeye ndiye mkubwa kwa umri. Nikamwambia basi, theluji iamue. Atakayeshuka mlima wao kwa miguu yake mpaka chini bila kuanguka, ashike kisu. Tukapeana mikono. Elinaja akasema, wazee wangu, mbuzi mwenyewe hata hajanunuliwa.

Ijumaa, 19 Desemba

Mbuzi kaagizwa. Mahmood wa bucha alitaka kumpitisha kwenye msumeno wa umeme, vipande vidogo vidogo vyote sawa. Nikapiga kelele mpaka mwanamke mmoja akatoka nje na kuku wake. Vipande vyote sawa! Sasa kidari utakijuaje? Mguu wa mjomba utauona wapi? Mahmood akasema, Mzee, tulia, nitamwacha mzima. Huyo anajua heshima.

Mazoezi yameanza. Napanda ngazi za nyumba na kushuka, magoti yanalia kama mlango wa stoo. Jotham yeye hafanyi chochote. Amevaa miwani, anasoma habari za kuteleza kwenye simu. Kusoma! Mimi niliishia darasa la nne, lakini la nne la wakati wa Mwingereza, ambalo ni sawa na digrii ya siku hizi.

Tumelazwa wote wawili chumbani kwa Manka, kwenye kitanda cha ghorofa cha rangi ya waridi. Mimi nimechukua juu. Mtu wa Kibosho halali chini ya mtu wa Machame. Kushuka ndiyo kazi.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimeuona mlima wao. Ni bohari! Bohari kubwa la bati kama yale ya kahawa pale Moshi, limelala kwa ubavu, ndani wamemwaga theluji. Taa za umeme badala ya jua. Watu kama siku ya mnada, shule zimefungwa, watoto wanalia, akina mama wanatafuta glavu moja. Na muziki. Mlima gani una muziki? Mlima wetu unanyamaza. Asubuhi unatoka nje na jembe, unatazama juu, wingu limefunguka, na wenyewe uko pale umekaa kama baba yako. Husemi neno. Unaenda kulima.

Viatu vyao vizito kama magogo ya kufungia ng'ombe. Mwalimu wetu ni binti anaitwa Plamedi, wazazi wake wametoka Bukavu, Kiswahili chake kinapinda lakini kinafika. Nikamweleza kwa sauti, foleni nzima isikie, kwamba mimi na theluji ni ndugu. Akasema vizuri, Papa, lakini tunaanza na watoto.

Anataka tuweke miguu ncha ndani, visigino nje. Nikakataa. Hivyo ndivyo anavyosimama mtoto aliyebanwa na mkojo. Nikasimama wima. Plamedi akasema, "Papa, kunja magoti. Weye unasimama sawa mti."

Kuna mkanda unaotembea, unakupandisha juu umesimama kama gunia la mbolea. Nikakataa na huo. Nikapanda kwa miguu, na mbao zangu za kutelezea. Nilipofika katikati nikaanza kurudi. Nyuma! Uso unatazama juu, makalio yanakwenda chini. Nikapita watu wengi nikiwasalimia.

Jotham? Alikunja miguu kama alivyoambiwa. Alipanda mkanda kama alivyoambiwa. Akateleza polepole, mikono mbele kama amebeba sinia la chai, akaanguka mwishoni kabisa. Watoto wa chekechea wakampigia makofi. Mwalimu mkuu akainama kushukuru.

Jumatatu ndiyo mara ya mwisho.

Jumapili, 21 Desemba

Kanisani leo nilikuwa nawaza mteremko, Mungu anisamehe. Padri anahubiri, mimi niko Kibosho, mwaka ambao sina hata meno ya mbele.

Masika. Udongo mwekundu umeloa. Tunakwenda watoto wote kule kwenye mteremko wa mto, kila mmoja na ganda lake la mgomba, lile pana, lenye maji maji ndani. Unalipaka ndizi iliyoiva sana. Unakaa. Unashika pembe mbili. Mwenzako anakusukuma, na hapo dunia inakwenda! Migomba inapita, kahawa inapita, mama yuko juu anapiga kelele kaptura ile ni ya shule. Hakuna aliyenishinda. Hakuna! Gaudensia mwenyewe alikuwa kule ng'ambo na ndoo ya maji, kabinti kembamba, ananicheka. Miaka mingi baadaye aliniambia ndipo aliponiona mara ya kwanza. Nilikuwa nimejaa matope mpaka masikioni.

Nikashtuka pale kwenye benchi. Kumbe najua kuteleza! Kosa ni kusimama tu. Binadamu hakuumbwa ateleze amesimama. Tulisema kwa miguu yake, sawa, na miguu yangu nitakuwa nayo. Nitaikalia.

Ndizi iliyoiva sana hapa hakuna, Elinaja anazitupa mapema. Nimechukua siagi ya kopo kwenye friji. Nimeifunga kwenye leso.

Jotham anapiga pasi suruali ya kutelezea. Maskini. Hajui.

Jumatatu, 22 Desemba

Naandika haraka. Nyumba haina amani.

Nilipaka mbao siagi chooni. Zikang'aa. Nikapanda kwa mkanda safari hii, kwa unyenyekevu. Jotham alikuwa ameshaanza kushuka mbele yangu, vizuri sana, nasema ukweli, amenyooka, skafu yake ya kanisani shingoni. Chini Elinaja ameshika simu anampiga video. Ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwenye kundi la ukoo wao. Machame nzima inatazama, shangazi zake, mchungaji, na wale aliowafundisha.

Nikakaa juu ya mbao. Nikashika ncha. Plamedi akaniona, akapiga kelele, "Papa, usiikale! Simama!" Nani asimame? Siagi ilishakubali.

Jamani! Kwa muda kidogo nilikuwa na miaka saba. Upepo masikioni. Nikasikia mama ananiita. Nilicheka kwa sauti, nikasahau kisu, nikasahau London, nikasahau kwamba theluji haina mto wa kukusimamisha.

Nilimkata Jotham miguu kutoka nyuma. Akapaa. Skafu kushoto, fimbo kulia, na meno yake ya bandia yakatangulia kufika chini. Kwa haki kabisa, meno yake ndiyo yaliyoshinda. Manka akayaokota na glavu.

Kifundo chake cha mkono kimeteguka. Lakini si mkono ulioumia zaidi. Simu ilikuwa bado inarusha. Machame nzima imemwona mwalimu mkuu amelala chali, mdomo mtupu, na mimi nimemkalia tumboni.

Jotham alikaa kiti cha mbele, mgongo kwangu, njia nzima. Tulipofika nyumbani akamwambia Elinaja ampigie kaka yake Humphrey, yule anayekaa Reading, aje kumchukua mchana wa mkesha. Krismasi atakula huko.

Mimi nikasema mteremko ule una kasoro.

Jumanne, 23 Desemba

Jotham amelala sebuleni. Chumba cha waridi ni changu peke yangu, juu na chini. Sikukipenda.

Elinaja hajanigombeza. Afadhali angenigombeza. Ameniletea chai kwa mikono miwili, akasema karibu Baba, akaenda jikoni akafungua bomba. Maji yakamwagika muda mrefu. Hapakuwa na chombo cha kuosha.

Francis akanikalisha kwenye gari. Alisema Elinaja ndiye aliyemwomba baba yake aje, ili Krismasi hii ya ugenini ifanane na ya nyumbani kidogo. Sasa nyumba itakuwa na kiti kitupu, na mbuzi mzima ambaye hakuna wa kumgawia. Nikasema, mimi sikumfukuza. Francis akawasha gari. Akasema, mama angekuwepo ungeshaomba radhi tangu jana.

Ni kweli. Mimi kuomba radhi sikujifunza, nilikuwa na mtu wa kazi hiyo. Nikikosana na mtu, Gaudensia hasemi kitu. Anakwenda mpakani mwa kihamba, anakata jani la isale, analifunga fundo, ananitia mkononi, ananisukuma mgongoni mpaka kwa jirani. Na jirani akiliona isale hana ujanja. Hata kama ng'ombe wako alimaliza shamba lake lote. Mchagga halikatai isale. Atakuwa amewakataa na wazee waliomo ardhini.

Lakini isale London utalitoa wapi?

Tulikuwa tunampeleka Manka kumalizia somo lake lililokatizwa jana kule bohari. Mimi nimekatazwa theluji, nikaambiwa nikae mkahawani. Nikakaa. Nikatazama. Pale kwenye kona, kati ya mlango wa choo na mashine ya krispi, kuna chungu cheupe. Ndani ya chungu...

Nilisimama. Nilivua kofia.

Isale! Lenyewe! Majani marefu, mstari katikati, vumbi limelikalia, mtu amebandika bazoka aliyokwisha kuitafuna kwenye shina. Isale linalolinda mipaka yetu, nililompandia Gaudensia kaburini, kichwani na miguuni, limewekwa pale lipambe choo. Nikalisalimia Kichagga. Nikaanza kulifuta na leso, ikawa ile yenye siagi, likang'aa.

Nikashika jani moja, nikavuta. Mlinzi akatokea, jitu refu. Akasema, "Sir, no." Nikamwambia, "My tree." Akatikisa kichwa. Nikajaribu tena, nikauonyesha mmea, machozi yananitoka, nikasema, "My wife." Akautazama mmea. Akanitazama mimi. Akarudi nyuma kidogo.

Bahati Plamedi akapita. Nikamweleza yote, mkwe, meno, mkesha, fundo. Akamtafsiria yule jamaa, sijui kwa maneno gani, ila alitumia mikono mingi. Mlinzi akaenda mezani, akarudi na mkasi. Akalichagua jani mwenyewe, la kijani kuliko yote. Akanipa kwa mkono wa kulia.

Nimelificha chini ya mto. Fundo nimelifunga vibaya. Lile lake lilikuwa dogo, limekaza.

Jumatano, 24 Desemba

Jotham ameamka na viatu. Begi mlangoni. Amekaa anatazama dirishani, mkono kwenye bandeji. Elinaja anafuta meza iliyokwisha futwa. Francis anajifanya anatafuta kitu kabatini.

Nikashuka na isale, mikono miwili. Elinaja aliliona wa kwanza. Kitambaa kikamdondoka. Manka akauliza, "Mum, is that a leaf?" Mama yake akamwambia nyamaza, simama vizuri. Wote wakasimama. Ndani ya nyumba ya Thornton Heath, wamesimama kama kule nyumbani.

Nikakohoa. Nikasema, "Mkwe, nakuletea hili kwa niaba ya ule mteremko, ambao ulikukosea."

Jotham hakugeuka. Akasema kwa sauti yake ya darasani, "Mteremko hauna mikono, Thadei. Isale linaletwa na mwenye kosa."

Mwalimu mbaya sana huyu. Nikalitazama lile jani. Nikatazama fundo langu bovu. Nilingoja mtu anisukume mgongoni. Hakuna aliyenisukuma.

Nikasema, "Basi nimelileta mimi."

Gari likasikika nje, honi ya Humphrey. Jotham akageuka, akanyoosha mkono mzima, akalipokea. Akalinusa. Akauliza nimelitoa wapi. Nikasema chooni. Kule bohari. Akanitazama. Akauliza mbona lina siagi.

Alicheka mpaka meno yakataka kutoka tena, akayashika. Elinaja akacheka na kulia vyote pamoja. Humphrey akaingia kuchukua begi, baba yake akamwambia vua viatu, piga simu nyumbani kwako, wanao waje huku, Krismasi iko hapa.

Halafu, mbele ya wote, akasema isale kapokea, lakini fidia anataka. Kisu.

Nikakubali. Ningefanya nini? Mdomo wangu ulikuwa bado unacheka.

Alhamisi, 25 Desemba

Mbuzi kaiva. Watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Kisu kikaletwa, Jotham akakishika na mkono wenye bandeji, kikamwanguka. Akajaribu wa kushoto. Akakwaruza tu.

Akanitazama. Akasema, "Haya, Mkibosho. Kata. Mimi nitasema."

Basi yeye akasema, mimi nikakata. Hiki cha Elinaja. Hiki cha mjomba Humphrey. Hiki cha mtoto wa nyumba. Kila mtu akapokea chake kwa mikono miwili, hata Manka, na akasema asante Babu kwa Kiswahili, bila kuambiwa. Kilichokuwa mkononi mwangu kilikuwa kisu. Naandika hivyo ijulikane.

Mchana mdogo wangu akapiga simu ya video kutoka nyumbani. Alitembea na simu mgombani mpaka kwa Gaudensia. Wamempalilia vizuri. Masale yake yamekua, yananipita kimo. Nikamwambia mdogo wangu ainue simu juu. Wingu, wingu, wingu. Akasema leo haufunguki, kaka. Nikamwambia ngoja. Jotham akasema ngoja. Tukangoja, vichwa viwili kwenye kioo kidogo.

Ukafunguka. Theluji imepungua sana, mlima una upara kama wangu. Hakuna aliyesema neno. Hata Humphrey, ambaye kazi yake ni kusema.

Jotham akanigusa bega. Akasema yale mayai huenda kweli yalikuwa ya kuchemsha.

Jumamosi, 27 Desemba

Jana nilimwomba Francis aninunulie isale langu, la kwenye chungu, nikumbuke nyumbani. Macho yake yakajaa maji. Akanipeleka mpaka duka kubwa la maua. Alitaka kuchukua lile dogo, zuri. Nikakataa. Nikazunguka, nikainua, nikachungulia, nikachagua lenye majani mengi kuliko yote dukani. Hakuuliza kwa nini. Alidhani ni huzuni.

Sasa liko chumbani, kando ya kitanda.

Leo asubuhi, nikiwa juu na Jotham yuko chini, nikamwambia kwamba zamani watu wa Machame walikuwa wanakuja Kibosho kuomba moto, maana kuwasha hawakujua. Akageukia ukutani. Nikamwambia na ualimu mkuu alipewa kwa sababu alikuwa mrefu. Akavimba. Nikamaliza na mchungaji wao. Akatupa blanketi, akasema safari hii Reading anakwenda kwa miguu.

Nikashuka ngazi taratibu. Nikachukua mkasi.

Majani bado ni mengi.